Mti Uliopandwa na Balozi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Leo asubuhi Mheshimiwa Balozi ametukusanya watumishi wote barazani, chini ya zile nguzo nane ninazozipangusa vumbi kila wiki. Amesema jumba hili la mabalozi linatimiza miaka mia moja. Jumamosi watakuja wageni, na anataka mmoja wetu awasimulie historia yake. Atakayefanya vizuri atakuwa Mwelezaji wa Jumba na atapewa nyumba ya uani, alimokuwa akiishi dereva mstaafu.

Vyumba viwili! Mlango wenye ufunguo! Tangu nioe tunaishi kwa mama mkwe. Anaingia chumbani kwetu bila hodi kutafuta miwani aliyoivaa. Ni mwanamke mwema na ninamheshimu. Sitaki tu kufumbua macho asubuhi nikute macho yake.

Nimenyoosha mkono kabla Mheshimiwa hajamaliza. Mpishi naye akanyoosha wake, polepole, una unga mpaka kwenye kiwiko. Huyu tunamwita Chumvi Kidogo, maana hilo ndilo jibu lake kwa kila tatizo. Hana maneno. Historia inataka maneno. Nimemhurumia.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimemwambia mke wangu kwamba mambo yakienda vizuri nitapata nyumba ndogo. Kosa kubwa. Kabla sijafika kwenye "ya uani", sahani yangu ilikuwa imerudi jikoni. Mama mkwe akatoka amejifunga kibwebwe, akataka kujua ni mwanamke gani huyo asiye na macho.

Nimeeleza, nimeapa, nimechora ramani. Wamenielewa chakula kikiwa kimeshaisha.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Utafiti. Katibu wa Balozi ametuita mimi na mpishi akatupa habari zote. Jumba lilijengwa na tajiri wa sabuni kumfurahisha mkewe. Wakati wa vita likawa hospitali. Baada ya vita likanunuliwa, likawa makazi ya mabalozi. Mtindo wake, amesema, unaitwa ukale mamboleo.

Mpishi hakuelewa. Ameuliza kitu kinawezaje kuwa cha kale na cha leo kwa pamoja. Akafikiri, akafikiri, kisha akauliza kama ni sawa na wali wa jana uliokaangwa leo.

Katibu alikohoa. Mimi nilimshika mpishi bega nikamwambia hayo ni maneno ya hekima, asithubutu kuwanyima wageni. Ameniamini! Nimekwenda stoo kucheka.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Habari za katibu ni kavu. Tajiri, hospitali, mabalozi: nani atatoa machozi? Nimezunguka bustani nikitafuta kitu chenye damu, nikakipata. Chini ya ule msonobari mrefu kuna jiwe limechongwa: Mti huu ulipandwa na Balozi wa kwanza, siku ya kuingia kwake.

Siku ya kuingia, mtu mzima, mwenye suti, anapanda mti! Kuna kilichomkimbiza. Najua wapo watakaosema alipanda mche. Miche kila mtu anapanda. Mama mkwe amepanda mchicha na hakuna aliyemchongea jiwe.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nitaandika upesi kabla sijabadili nia.

Mpishi alitangulia. Nilisimama pembeni na leso ya kumfariji. Akasema tajiri wa sabuni alijenga, vita vikaja, wagonjwa wakalala sebuleni, vita vikaisha, mabalozi wakaja. Basi. Kisha akaleta ule wali wake. Ukale mamboleo, akasema, ni wali wa jana uliokaangwa leo, na ukikaangwa vizuri hakuna atakayeuliza ni wa lini. Wageni walicheka mpaka bwana mmoja akaegemea nguzo. Wengine wakauliza kama wali wenyewe upo. Ulikuwepo. Alikuwa ameukaanga, mjanja yule.

Ikafika zamu yangu. Nikawapeleka kwenye msonobari. Nikawaambia jinsi mbwa mkali wa jirani alivyoruka ua siku ile, jinsi Balozi wa kwanza alivyodaka tawi la chini na kupanda hadi kileleni, na jinsi alivyosoma hotuba yake yote akiwa kule juu. Nikawaonyesha tawi.

Bibi mmoja mwenye mkongojo akaniuliza nani kanipa habari hizo. Nikasema jiwe. Akasema balozi huyo alikuwa babu yake, na mti aliupanda kwa jembe, na jembe lenyewe analo yeye nyumbani. Tena, akasema, babu yake alikuwa na mguu mmoja. Wa pili aliuacha vitani.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema ndiyo maana wakachonga jiwe.

Mheshimiwa Balozi alifumba macho.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Chumvi Kidogo ndiye Mwelezaji. Amepewa na ufunguo. Hata hakunitambia, alinitumia sahani ya wali. Nimeila yote. Nina wivu na uchungu, na wali ulikuwa mtamu, jambo lililozidisha uchungu.

Mama mkwe amekuja kunipa pole. Ameketi kitandani kwetu, katikati.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimemsaidia mpishi kubeba godoro kuhamia nyumba ya uani. Kwa moyo safi. Mlangoni nikashusha pumzi. Akauliza kuna nini. Nikasema si kitu, ni baridi tu. Akauliza baridi gani, na jua lote hili. Nikamwambia, kwa huruma, kwamba enzi za hospitali maiti walikuwa wanalazwa humu hadi asubuhi, na mmoja inasemekana hakuondoka na wenzake.

Akauliza kama chumvi inasaidia. Nikasema kidogo haitoshi.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Mpishi amerudisha ufunguo! Yeye na mkewe wamehamia kwa dada yake. Mheshimiwa amesema nyumba isiyokaliwa na watu huliwa na mchwa, basi niichukue mimi, ila nisimweleze mgeni yeyote jambo lolote. Nimekimbia hadi nyumbani, ufunguo mkononi.

Mke wangu amegoma. Mke wa mpishi amemsimulia kila kitu: maiti, baridi, mlango unaofunguka wenyewe. Mlango sikuutaja mimi. Watu wanapenda kutia chumvi. Mama mkwe naye anashangaa kwa nini nimtoe mwanawe kwa walio hai nimpeleke kwa wafu.

Nimewaza jioni nzima, na dawa nimeipata. Kesho nitamwambia mke wangu kwamba mzimu umehama nyumba ile. Lakini hakuna mzimu unaohama bila kuwa na pa kwenda, kwa hiyo nimeshautafutia chumba.

Cha mama mkwe.