Magunia Tisa Chumbani kwa Maharusi

Jirani na soko la Lyulilo,
Kyela.

Ndugu Afisa Kilimo,

Ndaga! Nakusalimu kwa furaha ya mwanamke aliyeolewa wiki tano tu zilizopita na Angetile, mkulima wa kakao, ambaye akicheka hata migomba hugeuka kumtazama. Nikiendelea kumsifu karatasi haitatosha.

Naishukuru Serikali kwa kusimama nasi wakati huu ambapo bei hutangazwa asubuhi ikabadilika kabla chai haijapoa. Tumepata turubai moja, semina mbili na kofia. Hata hivyo nina malalamiko.

1. Mlisema wanunuzi wa Ulaya hawachukui kakao bila ramani ya shamba na jina la mwenyewe, wajue kwamba hatukukata msitu. Sawa. Lakini mpimaji wenu alikuja siku ambayo Angetile alikuwa sokoni kuninunulia chungu. (Alikibeba kifuani kama mtoto mchanga, Ndugu Afisa!) Nikaulizwa mimi jina la mwenye shamba. Ni baba mkwe. Nawe unajua kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hakutani na baba mkwe, wala halitamki jina lake. Nikajibu kuwa ni yule aliye nyuma ya migomba, ambaye siwezi hata kumtazama. Mpimaji akaandika kwamba mmiliki hajulikani.

2. Kakao isiyo na mwenyewe haiingii mnadani. Sebuleni haiwezi kukaa, kwa sababu baba mkwe atakuja kuilinda, nami nitapita wapi? Chumba pekee asichokanyaga ni chetu. Basi tuna magunia tisa chumbani, na kitanda kimebaki na upana wa mtumbwi. Yakiota ukungu, msimu wetu wa kwanza wa ndoa umekwenda na maji.

3. Mkaguzi wa unyevu ameshaingia mara mbili na kipimo chake. Mara ya pili alikalia mto niliodarizi maneno "Wawili Tu". Wifi yangu Sekela ananiuliza kama niliolewa na Angetile au na chama cha ushirika.

4. Mchele wetu ulikuwa uende kwa shangazi yake Angetile huko Karonga, Malawi. Leo tunaambiwa mpaka unaruhusu, kesho hauruhusu. Nao umelala miguuni petu.

Kwa hiyo naomba fomu zenu ziongezewe nafasi ya "baba mkwe". Zikiwa bado kuchapishwa, magunia yahamie chumbani kwako. Wewe na mama mna miaka ishirini ya ndoa, mmeshaonana vya kutosha. Ikishindikana, fungate yetu itangazwe kuwa zao la kimkakati, ipewe ruzuku kama mbolea.

Msalimie mama, watoto, karani, na mpimaji pia. Hakukosea, aliandika alichosikia.

Wako katika kilimo (mapenzi yote ni ya Angetile),
Prisca, mke wa Angetile

N.B. Bahasha ilikuwa bado wazi juzi Angetile alipokwenda ofisini kwenu, akalitamka jina la baba yake bila kupepesa macho. Jana lori lilibeba kila kitu. Ndaga fijo, asanteni sana. Ila sasa chumba ni kipana mno. Angetile amejinyoosha hadi ukutani kule, nami niko huku, na katikati yetu anaweza kupita ng'ombe na ndama wake. Nakuomba, msimu ujao mpimaji aje tena nikiwa peke yangu. Nimeshamwagiza Angetile chungu kingine.