Maksai Mweupe kwa Redio

Jumatatu, 4 Julai 1955. Shinyanga.
Nimeiona! Ipo kwa Mwanaima, mjane mwenye duka karibu na stesheni. Redio ya betri. Kisanduku cha bluu, na ndani yake mtu wa Dar es Salaam anasoma habari. Nilizunguka nyuma. Hamna mtu!

Jumamosi kundi langu linashindana ngoma na kundi la Masele. Tunacheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Safari hii mtemi anatoa fahali. Masele ana dawa ya kuvuta watu. Mimi nitakuwa na redio.

Jumanne, 5 Julai.
Mwanaima kanishauri nisubiri. Treni ya wiki ijayo inaleta redio nyingi, betri za akiba pia, na bei itashuka. Mvumilivu hula mbivu, akasema. Nikamjibu kwamba nikisubiri, Masele atazila zote. Nikamwachia maksai wangu mweupe, nikaondoka na redio.

Mke wangu Eufrasia kauliza plau itavutwa na nani mvua zikianza. Nimemwambia maksai mmoja yupo, na Jumamosi fahali anakuja. Kasema asipokuja, nira nitafungwa mimi. Hakucheka.

Alhamisi, 7 Julai.
Bibi yangu mzaa baba kaisalimu redio: ng'wadila! Haikuitika. Anasema kijana huyo hana adabu, lakini habanduki mbele yake. Nami je? Mtu anaongea pwani, tunamsikia hapa kwenye vumbi letu! Machozi yalinitoka. Nikasingizia moshi.

Jumamosi, 9 Julai.
Uwanja ulifurika. Masele kajipaka dawa hadi masikioni. Jioni nikafungua redio. Mtangazaji akasema habari za jioni. Umati mzima ukaitika: nzuri! Watu wakamwacha Masele, wakaja kwetu mbio. Wazee walivua kofia. Nilijiona mtemi.

Halafu nikashangaa kimya. Wapiga ngoma wangu walikuwa wameweka ngoma chini, wanasikiliza. Wachezaji wangu wamechuchumaa, wanasikiliza. Nami, Mungu anisamehe, nikachuchumaa. Ilikuwa bei ya pamba tu. Sijapata kusikia kitu kizuri namna ile maishani mwangu.

Mwamuzi wa mtemi katangaza kwamba kundi langu halikucheza, limekuja kutazama kama wengine. Fahali kaenda kwa Masele.

Eufrasia kanipokea mlangoni na nira mkononi.

Jumatano, 13 Julai.
Betri imekufa. Ni kosa langu, sikuizima hata siku moja. Niliogopa yule mtu akiondoka hatarudi. Bibi analia. Anataka tupeleke rambirambi Dar es Salaam.

Jumamosi, 16 Julai.
Treni imefika. Redio kama yangu sasa zinatolewa kwa mbuzi, na betri ya akiba juu! Eufrasia kanituma nikambembeleze Mwanaima anirudishie maksai. Nilikwenda kwa nia safi kabisa.

Lakini juu ya rafu kuna nyingine. Kubwa! Sauti yake ilitikisa vikombe vya dukani. Hii wapiga ngoma wangu wataisikia huku wanapiga! Agosti tunarudiana na Masele.

Mwanaima kasema nisubiri treni ijayo. Njia nzima nimelipima shauri lake kwa utulivu. Nikamtazama maksai wangu aliyebaki, amesimama peke yake zizini, mnyonge.

Maksai mmoja hawezi kuvuta plau. Kesho nampeleka dukani.