Hakuna Kula Jua Likishazama

Jumatatu, 29 Juni

Harusi ya dada Ingvild ni tarehe 18 Julai. Leo nimepanda darini, nikafungua kabati, nikavaa vazi langu la jadi. Sketi sawa. Shati sawa. Kizibao hapana. Kina bizimu sita za fedha. Mbili za juu zimefunga, moja ya chini imefunga baada ya kubembelezwa, na tatu za katikati zinatazamana kwa mbali kama majirani waliogombania mpaka. Pengo ni vidole viwili.

Kwetu kila mtu mzima husema vazi lake limesinyaa kabatini. Husema huku akicheka, Siku ya Taifa, akiwa na pini mgongoni. Mimi sicheki. Vazi hili Bibi Borghild alinishonea kwa ajili ya kipaimara, nilipokuwa na miaka kumi na mitano. Alilitarizi kwa majira mawili ya baridi, katika ile miezi miwili ambayo jua halichomozi kabisa, akiwa chini ya taa, ua baada ya ua. Sasa macho yake yanaona maua kama moshi. Hatashona jingine. Na siku ya harusi mimi ndiye nitakayemshika mkono, nyuma ya mpiga fidla, kutoka kanisani hadi ukumbini. Bibi siku hizi huona kwa vidole. Mkono wake utakuwa hapa ubavuni, penye pengo.

Hatajua. Zimebaki siku kumi na tisa.

Nimekaa darini muda mrefu nikitazama bahari. Ilikuwa nyeupe na tulivu kama maziwa kwenye sahani. Nilijiona natembea juu yake, mwembamba, bizimu zote zimefunga, fidla ikilia mbele.

Jumanne, 30 Juni

Mpango upo. Nimesoma katika jarida lililoachwa na wageni wa kusini kuhusu kufunga kwa saa. Si kwa ajili ya dini, ni kwa ajili ya kiuno. Unakula sehemu fulani ya siku, kisha basi. Jarida linasema anayefunga peke yake hushindwa, hivyo tafuta wenzako wakutie moyo.

Hapo ndipo penye shida. Mimi simu ikilia hutoka nje. Tangu nimalize shule wiki tatu zilizopita sijazungumza na mtu asiye wa ukoo wetu, ukiondoa paka wa posta.

Nimeandika tangazo bila jina. Nimelibandika kwenye ubao wa duka wakati Shangazi Oddlaug, mwenye duka, yuko nyuma anapokea maziwa. Nilitoka kwa kunyata. Baada ya robo saa akapiga simu. Alisema hizo herufi zangu zenye mikia anazijua tangu darasa la kwanza, kwamba atakuja, kwamba ameshamwambia Mzee Reidar, na kwamba ukumbi ni keshokutwa saa kumi na moja jioni. Akauliza kama bado niko kwenye simu, mbona sijibu. Nilikuwa nimetikisa kichwa tu.

Alhamisi, 2 Julai

Mkutano wa kwanza. Walikuja watu kumi na mmoja. Kila mmoja na sahani iliyofunikwa kitambaa, maana kwetu hakuna anayekwenda mkutanoni mikono mitupu. Keki ya krimu na stroberi. Keki ya lozi. Zile keki bapa za umbo la moyo, zenye jemu na jibini ya kahawia. Nilisimama mlangoni na karatasi yangu, nikahisi harufu ya iliki na kahawa ikinizunguka kama shuka la joto.

Chama kimeundwa. Mzee Reidar, nahodha mstaafu wa kivuko, ni mwenyekiti. Mimi ni katibu kwa sababu ya mwandiko. Shangazi Oddlaug anaongoza kamati ya keki. Niliuliza, kwa sauti niliyodhani tutaisikia mimi na meza tu, kama chama cha kufunga kinahitaji kamati ya keki. Meza haikujibu. Mzee Reidar alisikia. Aliniuliza kwa upole, "Binti Tiril, umewahi kuona chama kisicho na kamati ya keki?"

Sikuwahi.

Kisha nikasoma sheria yangu. Nilikuwa nimeitunga darini na naipenda sana. Tunakula kama ndege na maua, pamoja na nuru. Jua likishazama, hatuli. Mtu mmoja akasema ni maneno mazuri kama ya kanisani. Ikapita bila kupingwa. Mzee Reidar akaiandika katika katiba kwa wino. Kisha tukapigia makofi kamati ya keki.

Ijumaa, 3 Julai

Siku ya kwanza ya kufunga. Nilikula adhuhuri. Nilikula tena saa kumi. Kisha nikakaa dirishani kungoja jua lizame niache.

Saa mbili usiku jua lilikuwa juu ya visiwa. Saa nne lilikuwa juu ya visiwa. Shangazi Oddlaug alipiga simu kusema amemaliza keki ya lozi iliyobaki, na kwamba kufunga ni rahisi kuliko alivyodhani. Nikalitazama jua. Likanitazama. Limekuwa hapo hapo tangu mwezi wa tano, na halitazama mpaka tarehe 21 Julai, kama kila mwaka. Nimeishi hapa miaka kumi na tisa.

Nilimkimbilia Mzee Reidar nikiwa na soksi tu. Alikuwa anapaka siagi mkate. Nikaomba sheria ibadilishwe. Alifungua katiba na kuweka miwani. Mabadiliko ni lazima yapitishwe na mkutano mkuu, na mkutano mkuu hutangazwa wiki mbili kabla. Wiki mbili ni tarehe 17, na siku hiyo kijiji kizima kitakuwa kinaoka kwa ajili ya harusi. Basi ni tarehe 22. Nikasema harusi ni tarehe 18. Akasema anasikitika, lakini chama kinachokiuka katiba yake siku ya kwanza hakifiki mbali. Kisha akanikatia mkate.

Jumatatu, 6 Julai

Mpango wa pili. Dirishani jua huonekana usiku kucha, lakini nyasini nyuma ya nyumba, ikifika saa moja jioni, mlima hulificha. Kwangu mimi, basi, limezama. Nimefunga siku tatu mfululizo kwa njia hii. Kila jioni nalala nyasini kwenye kivuli, tumbo likiimba polepole, na kuona mawingu yenye umbo la mikate. Ni vizuri kwa namna yake.

Lakini nilihisi upweke, na jarida linasisitiza wenzako. Nimetuma ujumbe kwa wanachama wote kwamba kila siku mmoja amtembelee mwingine kumtia moyo. Wamekubali kwa furaha. Ningepaswa kuishuku furaha ile.

Alhamisi, 9 Julai

Wananitembelea mimi. Wote. Wanasema katibu ni mdogo na ndiye anayehitaji kutiwa moyo zaidi. Na kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu, wala mwenye nyumba hakatai kilicholetwa. Jana walikuja watatu. Leo wanne, mmoja na sufuria. Mzee Reidar alileta samaki aliyemvua mwenyewe, akakaa mkabala nami kuhakikisha nimetiwa moyo hadi mwiba wa mwisho.

Nilimweleza habari za kivuli cha mlima. Akatafakari. Akasema sawa, lakini yeye ametoka upande wa jua, na mgeni husafiri na mchana wake.

Jumapili, 12 Julai

Binamu Maren amekuja. Yeye ndiye msimamizi wa bibi harusi, ana shingo ndefu na hajawahi kumwaga kitu. Alitaka tufanye mazoezi ya kutembea tukiwa na mavazi. Lake lilimkaa kama alizaliwa nalo. Alipumua kwa makusudi, mara mbili, nione nafasi iliyobaki. Akauliza langu liko wapi. Nikasema bado nimelianika lipate hewa, kama nilivyomjibu wiki iliyopita.

"Wiki ya pili sasa," alisema. "Angalia, mpenzi, lisije likapaa."

Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko. Alisema hewa ni nzuri kwa sufu. Hakusema zaidi, lakini aligeuza uso upande niliko.

Alipoondoka Maren nilipanda darini kupima kwa vidole. Pengo sasa ni vitatu.

Jumatano, 15 Julai

Mpango wa tatu: shali. Kubwa, begani hadi nyongani. Nimejaribu. Nafanana na meza iliyofunikwa ikingoja msiba. Na shali haizuii vidole vya Bibi.

Nimeota nimo kwenye maandamano ya harusi. Bizimu zinafunguka moja moja, zinaruka hewani kama samaki wadogo wa fedha, na kila mtu anasema jinsi zilivyo nzuri. Ni Bibi tu aliyeinama. Anayaokota maua yake barabarani kwa kupapasa.

Ijumaa, 17 Julai

Imekwisha. Asubuhi Bibi aliniita, akasema nimletee vazi alipapase kabla ya kesho, na nililete nikiwa nimelivaa.

Nilisimama mbele yake. Mikono yake ilianza begani, ikashuka juu ya maua, na midomo yake ikawa inayataja: hili la Novemba, hili la Desemba, hili nililoling'oa mara mbili. Kisha ikafika penye pengo. Ikatulia. Nikamwambia yote, vibaya, kwa kulia. Tangazo, chama, jua, samaki. Nikamwomba radhi kwamba nimeiharibu kazi ya macho yake.

Bibi alicheka hadi akakohoa. Akasema, "Mjukuu wangu, ulifikiri nilimshonea sanamu?" Akanivua kizibao, akakigeuza ndani nje, akaniwekea kidole kwenye mshono. Kitambaa kimekunjwa humo. Vidole viwili upande huu, viwili upande ule. Akasema hakuna fundi mwenye akili anayemshonea mtoto wa miaka kumi na mitano bila akiba, kwa sababu vazi ni la maisha na mtoto si wa umri mmoja. Lake yeye limefunguliwa mara nne. La Oddlaug mara mbili. La Maren alilifungua Shangazi Oddlaug wakati wa Pasaka, na ndiyo maana anapumua hivyo.

Nikauliza mbona hakuna aliyeniambia. Akasema kila mtu alidhani najua. Ndiyo maana husemwa kwamba limesinyaa, na ndiyo maana watu hucheka.

Macho yake hayawezi kushona tena. Nikampigia simu Shangazi Oddlaug. Mimi, kwa mkono wangu. Alikuja na Mzee Reidar, ambaye amewahi kushona matanga na ana mshono mdogo kuliko fundi yeyote. Bibi alishika mshono kwa vidole na kuongoza, mimi nikafumua, Mzee Reidar akashona, Shangazi akatunga uzi na kumwambia Mzee kwamba anashona kama anayekwenda baharini. Wengine wa chama walikuja kutia moyo. Kulikuwa na keki.

Jumamosi, 18 Julai

Fidla ilitangulia. Barabara ilikuwa imejaa nuru kila upande, hata vivuli vilikuwa vyepesi. Mkono wa Bibi ulikuwa ubavuni mwangu njia nzima, na vidole vyake vilitembea juu ya bizimu, moja hadi sita, kama mtu anayehesabu wajukuu. Penye kona ya ukumbi alisema, "Sasa unapumua." Nilikuwa napumua. Watu walinisemesha na sikutoka nje. Ingvild alilia. Maren alimwaga supu.

Nilikula kila kitu.

Jumanne, 21 Julai

Jua limezama. Kwa dakika kumi na moja, kwa mujibu wa Mzee Reidar, ambaye ana almanaka. Chama kizima kilisimama gatini usiku wa manane, sahani mkononi. Ukingo wa mwisho ulipogusa maji, Mzee alivua kofia na kutangaza mfungo. Shangazi Oddlaug akafunika keki. Bahari ikawa rangi ya ndani ya kombe la chaza, na nikasikia mtu mmoja akimeza mate.

Kisha likachomoza. Keki zikafunuliwa. Wote walikubaliana kwamba lilikuwa jaribio gumu, na kwamba wasingeweza bila wenzao.

Jumatano, 22 Julai

Mkutano mkuu. Nilisimama bila kuitwa. Nilisema kosa halikuwa la kufunga, lilikuwa la sheria, maana ilianzia upande usiofaa wa siku. Vazi litavaliwa tena Krismasi, na safari hii sitaiachia bahati kitu. Usiku wa kuamkia leo, nikitembea kutoka gatini, sheria mpya ilinijia nzima, kama wimbo.

Nikaisoma. Hakuna kula mpaka jua lichomoze. Hakuna kivuli cha mlima, hakuna mgeni wa upande wa jua. Ianze tarehe 1 Desemba, ambao ni mwezi mtulivu, taa zikiwaka mchana kutwa.

Mzee Reidar alivua miwani akaifuta kwa muda. Aliniomba nirudie tarehe, nikairudia kwa sauti ambayo hata ukuta wa nyuma uliisikia. Shangazi Oddlaug alikuwa anakoholea kitambaa cha keki. Ikapita bila kupingwa, tena kwa makofi, na ikaandikwa kwa wino. Wametaka isiguswe kamwe.

Nilimsimulia Bibi nilipofika nyumbani. Alipapasa uso wangu. Kisha akasema kile kidole kimoja kilichobaki kwenye mshono tusikikate.

Nikamwambia hatutakihitaji.