Gololi Kumi na Mbili Nyeusi

Kuna watu huamka kutafuta kazi, na kuna watu huamka kutafuta mtu. Msomi alikuwa wa kundi la pili, na hata humo hakuwa mchapakazi sana, maana aliamka saa nne. Jina la Msomi alijipa mwenyewe siku alipofukuzwa shule ya pili. Hoja yake ilikuwa kwamba aliyesoma shule mbili amesoma kuliko aliyesoma moja.

Aliishi chumba cha uani kwa shangazi yake, mwanamke mnene wa maneno machache, dobi aliyesifika mji mzima kwa kutoa madoa. Wino, kutu, grisi, damu ya puani: ukimletea Shangazi nguo yenye doa, atalitazama kama polisi anavyomtazama mlevi, atalinyunyizia matone matatu kutoka kwenye chupa ya buluu aliyoifungia kabatini, halafu atakwambia uje kesho. Kesho yake doa hulioni. Watu walitoka mitaa ya mbali, na kila mmoja alitamani kujua mle chupani mna nini.

Aliyetamani kuliko wote ni Mzee Povu. Huyu alikuwa na kiwanda cha sabuni iliyotoa povu hadi kwenye viwiko huku uchafu ukibaki palepale ulipokuwa, haujashtuka. Asubuhi ambayo hadithi hii inaanzia, alikuja kwa Shangazi mara ya tatu kuomba siri auziwe, akajibiwa mara ya tatu kwamba chupa ile itazikwa na mwenyewe. Msomi alisikia yote dirishani akiwa bado kitandani. Lakini kilichomwinua si maneno. Kilichomwinua ni pikipiki nyekundu, mpya, karatasi za dukani zikiwa bado kwenye kiti, ambayo Mzee Povu aliipanda akaondoka kwa hasira.

Msomi alikuwa na ndoto moja tu maishani: kuondoka mji ule, ambao tayari ulikuwa unamjua mno, aende mji usiomjua hata kidogo. Na aondoke kwa heshima, si kwa miguu kama mara mbili zilizopita. Ile pikipiki ilikuwa ndiyo heshima yenyewe, na ilikuwa na magurudumu mawili.

Basi akaigeukia kompyuta yake. Aliinunua kwa bei ya kutupa kwa mwanafunzi mmoja aliyefeli kemia na hakutaka kuiona tena. Msomi alitarajia kukuta filamu humo. Alikuta programu ya kutazama molekuli kwa pande tatu, yaani zile chembechembe zinazounda kila kitu, zimechorwa kama gololi za rangi zilizoungwa kwa vijiti. Ukivuta kipanya, kitu kizima kinazunguka. Ukisukuma kigurudumu, kinakujia usoni. Na kulikuwa na miwani ya karatasi, kioo kimoja chekundu, kingine cha buluu. Ukiivaa, gololi zinatoka kwenye kioo cha kompyuta na kuelea hewani mbele ya pua yako. Faili lilikuwa moja tu. Msomi hakujali ni la nini. Alikata kipande cha plasta ya kidonda akalibandika jina la faili lisionekane, na kwa upande wake huo ndio ukawa utafiti.

Msomi alimfuata Mzee Povu kiwandani, akamnong'oneza kwamba yeye ni mpwa wa dobi, kwamba ana tone moja la ile dawa, na kwamba ana mtambo unaolisoma tone hilo hadi ndani ya matumbo yake; bei ni ile pikipiki. Mzee Povu alisema hataki kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Ndiyo maana nakuita uje umtazame mbuzi, mzee," Msomi akasema. "Meno utamhesabu mwenyewe."

Kesho yake, Shangazi alipotoka na kapu kwenda kurudisha nguo za watu, Mzee Povu aliingizwa chumbani. Msomi alikuwa amevaa koti jeupe la maabara, ambalo kwa kweli lilikuwa la muuza nyama mmoja lililokuwa likingoja kupigwa pasi. Tone la maji likawekwa juu ya kompyuta kwa heshima zote. Miwani ikavaliwa. Kipanya kikasukumwa.

Mzee Povu aliinama kukwepa gololi. Halafu akanyoosha mkono polepole aishike moja, akashika hewa, akacheka peke yake kama mtoto. Ukimwona mtu mzima anacheka hivyo, jua ameshaingizwa mjini na mizigo yake yote.

Hapo mlango ukafunguka. Shangazi alikuwa amesahau kibali cha kupitia getini kwa mteja mmoja, akarudi. Moyo wa Msomi uliteremka hadi kwenye soksi. Shangazi aliutazama mtambo, akamtazama Mzee Povu na miwani yake, akalitazama koti la muuza nyama. Kisha akauliza, kwa sauti ya unyonge ambayo Msomi hakuwahi kuisikia kwake, kama na yeye anaweza kuona.

Akapewa miwani. Akakaa kitako, akatazama muda mrefu, midomo ikitikisika kama anasali.

"Hizi nyeusi ni nini, baba?"

Msomi alikuwa amehudhuria kemia wiki tatu. "Kaboni, Shangazi. Yaani makaa."

"Na nyekundu?"

"Oksijeni. Hewa hiyo."

"Na hizi nyeupe ndogondogo?"

"Haidrojeni," Msomi akasema, akaongeza haraka, "iliyomo kwenye maji."

Shangazi alivua miwani. Aliweka mkono kichwani. "Makaa, hewa na maji," akasema. "Miaka kumi na minane nimeficha. Basi, siri yangu imetoka." Akachukua kibali chake akaenda zake, mabega yameshuka, hata mlango hakuufunga.

Sasa, wapo matapeli wanaolipa watu wawaigizie kilio, na bado kilio hakitoki vizuri. Huyu alipewa kimoja bure, tena na mwenye mali. Msomi hakujiuliza mara mbili. Alijiambia kwamba kumbe kwa bahati amepatia, na kwamba elimu haipotei. Naye Mzee Povu hakutaka kusikia zaidi. Alitoa ufunguo wa pikipiki, akatia sahihi kwenye kadi ya umiliki, akaacha wazi mahali pa jina la mmiliki mpya pajazwe na mwenyewe, akatoka mbio kwa miguu. Alikuwa na haraka. Kesho yake saa nne alikuwa anazindua kiwanda chake kipya mbele ya mgeni rasmi, na suti nyeupe aliyoishonesha kwa ajili hiyo ilikuwa imedondokewa chai kifuani.

Msomi akafungasha begi, akaingia bafuni. Mtu anayehama kwa heshima huhama akiwa safi. Aliimba nyimbo tatu humo. Alipotoka, begi lake lilikuwa wazi na tupu. Suruali zote mbili, mashati, hata soksi, vilikuwa vimelowekwa kwenye beseni uani, na Shangazi amekaa juu ya kigoda anavisugua taratibu sana.

"Nimeona una safari, baba, nikasema usiende mchafu. Ufunguo nimeutoa mfukoni, nimeutundika ndani, usije ukashika kutu. Na kadi nimeiweka mahali pakavu."

Msomi hakuwa amemwambia mtu kwamba ana safari. Swali la Shangazi amejuaje lilipita kichwani mwake kama inzi, akalifukuza. Alijifunga shuka la kitanda, akakaa kivulini akizitazama suruali zake zikining'inia kwenye kamba, na kwa mara ya kwanza maishani akaliombea jua.

Jua halikumuwahi. Saa tisa Mzee Povu aliingia uani bila hodi, koti jeupe mkononi. Ningesema lilikuwa koti jeupe, lakini neno jeupe lilikuwa limebaki kwenye kola tu. Kuanzia kifuani kushuka chini lilikuwa jeusi tii, linang'aa kwa unyevu. Alisaga makaa, akachanganya na maji, akasugua, akapunga hewa. Doa la chai kweli halikuonekana tena.

Alimkunja Msomi kwa lile shuka, akasema anampeleka kituo cha polisi hivyohivyo alivyo, mji mzima umwone. Msomi alishika shuka kwa mkono mmoja na hewa kwa mkono mwingine, na maneno yote matamu aliyoyajua yakamkimbia. Ni vigumu kumdanganya mtu ukiwa huna suruali. Sauti haitoki na uzito wake.

"Mzee, mwachie kidogo," Shangazi akasema bila kuinuka. "Ile mliyoitazama ilikuwa sukari."

Mzee Povu akamgeukia, shuka bado mkononi.

Akawaeleza, huku anakamua soksi, kwamba kabla ya udobi alikuwa mfagiaji wa maabara ya shule kwa miaka ishirini na miwili. Mwalimu wa kemia alikuwa na gololi za mbao na vijiti, akiwaundia wanafunzi vitu hivyo. Kipindi kikiisha, ni yeye aliyezihesabu kabla ya kufunga sanduku, maana ikipotea moja anakatwa mshahara yeye. Sukari anaijua hata gizani. Pete mbili, moja ya pembe sita, moja ya pembe tano, zimeshikana kwa gololi moja nyekundu.

"Nyeusi kumi na mbili, nyekundu kumi na moja, nyeupe ishirini na mbili. Nimezihesabu zote pale, hakuna iliyopotea."

Msomi alimkumbuka alivyotikisa midomo. Kumbe hakuwa anasali.

"Kwa hiyo ulijua," Mzee Povu akasema, "na ukaniacha nikaharibu suti."

"Na wewe ulijua chupa ni yangu, ukaja kuiiba nikiwa nimetoka."

Mzee Povu alimwachia Msomi. Halafu Shangazi akasema bei yake kwa upole, kama mtu anayetaja bei ya shati. Koti litakuwa jeupe kesho saa mbili. Habari ya kwamba mwenye kiwanda cha sabuni alikwenda kutazama gololi chumbani kwa mpwa wa dobi haitatoka nje ya uani. Na pikipiki itabaki palepale ilipo, ila jina la kujazwa kwenye kadi ni la Shangazi. Mzee Povu alilitazama koti, akaitazama pikipiki, akamwazia mgeni rasmi. Akaomba kalamu, ahakikishe mwenyewe kwamba ameliandika sawasawa.

Koti lilianikwa bila kuguswa na maji. Jioni lilipokauka, Shangazi alimpa Msomi fimbo alipige, na vumbi jeusi likaruka likatua lote kwenye suruali zake zilizokuwa zimekauka. Kisha Shangazi akalifua. Alilifua kwa kitu gani? Msomi alisogea kuona. Kwa kipande cha sabuni ya Mzee Povu, maji ya moto, na mkono mzito.

"Na ile dawa ya chupa?"

Shangazi akamrushia ufunguo wa kabati. Msomi aliifungua chupa ya buluu, akanusa, akadondosha tone ulimini, akalingoja limchome. Halikumchoma. Akaonja tena.

"Shangazi, haya ni maji."

"Watu hawalipii kusugua, baba. Wanalipia chupa."

Msomi alikaa chini. Alijiona bingwa wa kupiga watu changa la macho, kumbe kwa miaka yote amekuwa akila na kulala kwa mwalimu mkuu, na wala hajawahi kuandikishwa darasani.

Asubuhi alivaa suruali yenye madoa ya makaa, maana nyingine hakuwa nayo, akafunga mzigo wa nguo za wateja nyuma ya pikipiki. Kazi ya kusambaza ilikuwa yake hadi Shangazi aseme basi. Tangi lilikuwa limejaa. Barabara ya kutokea mjini ilipita mbele ya lango, imenyooka, haina hata mbuzi. Aliitazama, na Shangazi akamtazama anavyoitazama.

"Nenda taratibu," akamwambia, akimkazia kamba ya mzigo. "Hayo ya juu kabisa ni magwanda ya mkuu wa kituo cha polisi. Nimempigia simu, anajua uko njiani, na anayangoja akiwa na nguo za ndani tu."