Maganda ya Vitunguu na Tumbo la Haji Abdiaziz

Jumatatu, 7 Juni 1999. Garsen.

Riziki imenijia leo ikiwa imefungiwa mahamri! Nilikuwa hotelini kwa Mwanaarusi, mjane ninayetaka kumwoa (yeye bado hajaambiwa). Karatasi ya mahamri ilikuwa kipande cha gazeti. Nikasoma. Wataalamu wamegundua kwamba maganda ya vitunguu, nyanya na karoti, yale yanayotupwa viwandani, yana viini vinavyozuia mwili usishike kutu, na huenda yakawafaa watu wanene. Halafu: "Hata hivyo, wataalamu wanaonya kwamba". Hapo mafuta yalikuwa yamekula maandishi. Sikuona haja ya kutafuta mengine.

Nikamwomba Mwanaarusi maganda. Akasema ni ya mbuzi wa Godhana. Huja kuyachukua kila alasiri, na asubuhi humletea maziwa. Godhana! Mbuzi arobaini, mabega kama mlango wa ghala, na ukimya unaowapendeza wanawake. Nikasema nitamenya vitunguu vyote mwenyewe, bure, nipewe maganda tu. Akakubali haraka mno. Mapenzi huanza hivyo.

Jumanne, 8 Juni.

Nimemenya gunia zima. Machozi mpaka kwenye ndevu. Godhana akaingia, akauliza kwa upole ni nani amefariki. Mwanaarusi alicheka hadi akashika meza. Alipoambiwa maganda hayapo tena, Godhana hakugomba. Alisema basi atawapeleka mbuzi malisho ya mbali, upande wa Minjila. Ushindi wangu wa kwanza!

Nimeanika maganda juu ya mabati. Upepo ukapeleka nusu kwa jirani yangu Kaltuma, juu ya nguo zake mbichi. Amesema maneno ambayo sitayaandika. Yaliyobaki, yalipokauka, nimeyatwanga na kuyatia chupani. Jina: KUTU KWAHERI.

Jumatano, 9 Juni.

Stendi. Nilipanda juu ya kreti la soda nikatangaza: unga wa kupunguza unene! Mzee Hirbo akauliza mtu apunguzwe kwa kosa gani. Mama Nimo akataka kujua kama ninao wa kuongeza, maana binti yake anaolewa na bado ni mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Nikaeleza habari za kutu. Hirbo akasema kutu ni ya majembe.

Sikuuza hata kijiko. Mji huu mtu akinenepa watu humshukuru Mungu. Ningelifikiria hilo jana.

Alhamisi, 10 Juni.

Mteja! Tena Haji Abdiaziz, mwenye duka la jumla na mwenye chumba ninacholala. Aliingia akihema, akafunga mlango. Daktari wa zahanati amemwambia moyo wake umechoka kubeba tumbo: apunguze samli na sukari, atembee kila siku, la sivyo... Aliketi kitandani pangu, kitanda kikalia.

"Buya," akasema, "kitinda mimba wangu ana miaka mitatu. Nataka nimwone akienda shule."

Nilitaka kumwambia sijui kitu. Nilitaka kweli! Lakini akauliza kama unga ungemwokoa na kutembea, na mdomo wangu ukajibu kabla yangu:

"Kabisa, Haji. Vijiko vitatu, kutwa mara tatu. Na nyama ya samli wewe kula tu."

Jumamosi, 12 Juni.

Unga unafanya kazi. Si kazi niliyoitarajia. Haji ananuka vitunguu! Si mdomo tu: jasho, kanzu, hata mchele wa dukani. Mkewe, Hodan, amemhamishia mkeka barazani. Dereva wa pikapu inayomleta kila siku kutoka kwake Minjila amemwomba radhi, kwa adabu zote, kwamba abiria wengine wametishia kushuka.

Nikamwambia Haji ile ni kutu inayotoka. Akaniamini, maskini. Sasa anakuja kwa miguu na kurudi kwa miguu.

Jumatano, 23 Juni.

Nimemwona Haji njiani na Godhana! Mbuzi wanalishwa upande ule siku hizi, kwa hiyo wawili hawa huongozana asubuhi na jioni. Harufu haimsumbui Godhana. Ameishi na mabeberu tangu utotoni. Haji akichoka, Godhana humngoja. Na amemwapisha asiguse samli tena.

Mkanda wa Haji umeingia matundu mawili. Unga wangu, bila shaka.

Alhamisi, 1 Julai.

Haji ametoka zahanati akaja hotelini akitabasamu. Moyo unapiga vizuri! Nikasogea kupokea shukrani. Kumbe alimwonyesha daktari chupa yangu. Daktari amesema maganda huenda yana manufaa, wenye maabara wanayachunguza, lakini hakuna aliyepima kiasi gani kinamfaa mtu. Kilichomsaidia Haji ni miguu yake na kuacha samli. Kisha daktari akauliza ni mpumbavu gani aliyemruhusu samli.

Haji akanigeukia. Mimi nilitazama dari.

Halafu akatangaza mbele ya hoteli nzima kwamba Godhana ndiye aliyemrudishia uhai wake. Mwanaarusi alikuwa akimmiminia Godhana chai. Kikombe kikajaa, kikafurika, chai ikatiririka mezani, na hakuna kati yao aliyeiona.

Jumapili, 4 Julai.

Mwanaarusi amekubali posa ya Godhana. Aliniambia mwenyewe, kwa huruma, kwamba mimi ni kaka yake. Kaka! Nimelala chali mchana kutwa.

Jioni nikajichunguza kwa haki, na kosa langu nimeliona. Niliuza kitu cha kula. Cha kula lazima daktari aingilie. Cha kupaka hakimhusu!

Dereva mmoja wa lori kutoka Malindi ameniambia mbegu za tikiti zikikaangwa na kusagwa huotesha nywele. Nimewahesabu wenye vipara wa mji huu: kumi na mmoja. Nitaanza na Haji Abdiaziz. Kichwa chake ni kikubwa, kitataka chupa mbili.