Mwombaji Aliyepiga Chafya

Rexdale, Toronto
Aprili 19, 1997

Kwa Katibu,
Umoja wa Wazao wa Wachumaji Chai wa Kwanza,
Tawi la Toronto (na Makao Makuu, kwa kuwa hakuna tawi jingine)

Ndugu Katibu Nyakundi,

KUHUSU: KUFUNGWA KWA FAILI LA MKE WANGU ILHALI AMESHARUDI

Natumaini goti lako limepona tangu ulipoteleza kwenye barafu mbele ya kanisa. Sisi huku ghorofa ya kumi na moja hatujambo. Theluji imeisha, na madirisha tumeanza kuyafungua.

Barua yako ya tarehe tatu niliipata. Imepigwa chapa vizuri na mhuri umekaa sawa. Inaeleza kwamba ombi la mke wangu Taprandich la kujiunga na Umoja limefungwa kwa sababu mbili. Kwanza, hakuambatisha namba ya kipande cha babu yake aliyechuma chai. Pili, "mwombaji hayupo". Kwa hiyo, tarehe 14 Juni, Siku ya Chai, majina ya wachumaji wa kwanza yakisomwa na wazao wao kuitika, jina la nyanya yake halitakuwemo.

Mimi niliishia darasa la saba. Kuandika barua nilijifunza kwa kumwandikia Taprandich nilipokuwa kibarua Nakuru naye yuko Kericho. Alikuwa akinirudishia zile zile barua, amezisahihisha kwa kalamu nyekundu. Sasa hakuna wa kunisahihisha, kwa hiyo nitaweka namba ili nisipotee.

1. Kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, walipewa wanaume. Wewe mwenyewe ulitueleza hayo ukumbini, ukatuonyesha kile kikopo alichovaa babu yako shingoni. Wanawake na watoto walikuwa vibarua wa siku, na hakuna aliyewavika chochote. Nyanya Cheborge alichuma chai katika shamba la Chemosiro tangu vichaka vya kwanza vilipomfika kiunoni mpaka mgongo wake ulipokataa. Alipewa kikapu. Kikapu hakina namba. Fomu yenu ina nafasi ya "Jina la Babu", na mke wangu alilikata neno Babu kwa mstari mmoja akaandika Nyanya juu yake, kwa mwandiko wake ule wa kulalia kushoto. Penye "Uthibitisho" aliandika: "Njooni niwaonyeshe." Hamkuja. Alinunua biskuti Jumapili mbili mfululizo, na mara ya pili tulizila wenyewe.

2. Nimeisoma orodha ya wanachama iliyobandikwa juu ya meza ya chai kule chini ya kanisa. Ni watu kumi na tisa, wote wenye vipande safi. Babu yako, Ndugu Katibu, alikuwa karani wa mizani. Babu wa Mweka Hazina alimpikia meneja. Babu wa Mwenyekiti alimtunza farasi wa meneja, na mimi sina ubaya na farasi. Lakini nimepita jina kwa jina mara mbili, na katika Umoja wa Wachumaji sijamwona hata mmoja ambaye mzee wake aliligusa jani la chai, isipokuwa yule mpishi, naye alilikuta limeshakauka. Waliochuma hawakuwa na karatasi, na wenye karatasi hawakuchuma. Sitaki mtu afukuzwe. Nauliza tu kama Kamati imewahi kuliona hilo.

3. Sasa nije kwenye neno "hayupo". Kwetu Wakipsigis, mtoto akizaliwa, akina mama humzunguka na kuyataja majina ya waliotangulia katika ukoo wa baba yake. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Mjukuu wangu Melissa alizaliwa Februari mwaka huu, miezi mitatu baada ya kumzika Taprandich. Siku yake ya tano tulimfanyia desturi hiyo hapa sebuleni. Kwa kuwa hatuna mama mzee wa kwetu hapa karibu, tulimwazima mke wako, Mama Kwamboka. Yeye ni Mkisii, lakini ni muuguzi, kwa hiyo alikubali kwa sharti kwamba ugoro wa kuchochea chafya usikaribie pua ya mtoto. Aliyasoma majina kutoka kwenye karatasi kama anayeita wagonjwa kwenye foleni. Majina tisa yalipita kimya. Lilipotajwa la Taprandich, mtoto alipiga chafya. Ilikuwa moja tu, kavu, ya mtu mwenye shughuli zake. Hivyo ndivyo alivyokuwa akipiga chafya miaka thelathini na sita niliyoishi naye.

Mama Kwamboka aliikunja karatasi akasema, "Huyu hata hakungoja aitwe mara mbili."

Basi mwombaji yupo. Shahidi wake analala nyumbani kwako. Muulize.

4. Najua kifungu cha saba kinataka mwanachama awe ametimiza miaka kumi na minane. Taprandich ana miaka hamsini na minane na miezi miwili. Hawezi kutia sahihi kwa sasa, ila kalamu anaishika, na ukitaka kumnyang'anya utaona kazi. Isitoshe, familia yangu imeukubali ukweli huu kwa gharama kubwa kuliko ya Kamati. Mwanangu, kila asubuhi kabla ya kwenda zamu kule ghalani karibu na uwanja wa ndege, humbadilisha mama yake nepi, na humwomba radhi kwa heshima. Mke wake, Amandine, mtu wa Bujumbura, amejikuta amemzaa mama mkwe wake. Nanyi mnajua miaka minne ya ugali iliyopita kati ya wale wawili. Taprandich alisema wa Amandine ni mwororo, Amandine akasema wa Taprandich ni mgumu, na mimi nilikula wote. Amandine hakulalamika. Alisema tu kwamba Mama aliapa angerudi kuukagua. Ikiwa Amandine ameweza, Kamati inashindwa nini?

5. Nimefikiri zaidi, na naona hata ombi letu la kwanza lilikuwa la chini mno. Taprandich si mzao tu. Yeye mwenyewe alichuma chai akiwa na umri wa miaka tisa, katika mstari mmoja na nyanya yake. Kwa hiyo, mkimpokea Melissa, mtakuwa na wazao kumi na tisa na mchumaji mmoja halisi. Mchumaji huyo ana kilo tano. Naomba Siku ya Chai aketishwe meza ya mbele, Mwenyekiti asimame anapoingia, na kitambaa safi kiwekwe begani mwa yeyote atakayepewa heshima ya kumbeba, maana hucheua. Jina lake likisomwa ataitika mwenyewe. Sauti anayo. Majirani wa ghorofa ya kumi wamekwisha kutuandikia kuhusu hilo.

6. Hili si lalamiko ila limekuja na namba yake. Siku za mwisho hospitalini vidole vyake havikutulia. Vilikuwa vinachuma nyuzi za blanketi. Muuguzi alidhani ni maumivu. Mimi nilitazama nikaona ni majani mawili na chipukizi moja, majani mawili na chipukizi moja, na mkono wa pili ukitupa nyuma begani, pale kikapu kilipokuwa kikikaa. Nilimsogezea blanketi.

Kwa hayo yote, naomba faili lifunguliwe kabla ya tarehe 14 Juni na barua yenu irekebishwe isomeke "mwombaji amelala".

Nisalimie Mama Kwamboka, Mwenyekiti, Mweka Hazina, na Kamati yote, pamoja na mama anayechemsha chai ya Umoja, ambaye sijui babu yake alikuwa nani na hakuna aliyemuuliza.

Nabaki mwanachama wenu mtarajiwa kwa njia ya ndoa,

Kipchirchir arap Bett

Baada ya sahihi: Kabla ya kuikunja barua hii nilimsomea Melissa kwa sauti, kwa kuwa inamhusu. Alipiga chafya kwenye jina lako, Ndugu Katibu. Desturi yetu huwaita marehemu tu, na Jumapili nilikuona mzima, kwa hiyo nilistuka. Akapiga tena kwenye "Mweka Hazina", na mara tatu kwenye "kifungu cha saba". Amandine anasema mtoto ana mafua tangu tufungue madirisha. Nilipofika kwenye jina la Taprandich, alikuwa amelala.

Nilikaa kidogo na karatasi mkononi. Basi nakubali mlivyoandika. Hayupo. Faili lake liacheni lilivyofungwa.

Nilipoinua macho nikamwona Amandine dirishani, anachuma mnanaa wa kutia kwenye chai kutoka kile chungu alichokipanda mke wangu. Alichuma kwa mikono yote miwili, majani mawili na chipukizi moja, bila kutumia kucha. Nikamuuliza nani alimfundisha, ilhali kwao Bujumbura hakulima chai. Alijibu bila kugeuka, "Mama alinigonga vidole hivi, wiki nzima, mpaka nikajua."

Tafadhali nitumie fomu nyingine, tupu. Penye "Babu" tutakata wenyewe. Penye "Uthibitisho" ataandika Amandine: "Njooni niwaonyeshe." Safari hii mje. Biskuti nimekwisha kununua, na ugali ni mwororo.