Wiki Niliyoamua Kusikiliza Watu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Habari njema! Mkuu wa uzalishaji anastaafu mwisho wa mwezi. Meneja katuita wasimamizi ofisini, kasema kiti hicho hampi mwenye sauti kubwa, anampa anayejua kuzungumza na watu na kuwasikiliza. Alipotaja sauti kubwa alinitazama mimi. Labda nilikuwa nimekaa karibu.

Tunaokitaka kiti ni wawili. Mimi nina kitengo cha kushona: watu kumi na wanane, cherehani sita, vifuniko vya magodoro mia mbili kwa siku. Mwenzangu ni msimamizi wa upakiaji. Namwita Bi Kimya. Akisema maneno kumi kwa siku, ujue amepata mgeni. Mtu kama huyo atazungumza na watu saa ngapi? Kiti changu hicho.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Semina ya mawasiliano, kutwa nzima. Mkufunzi kasema kiongozi husikiliza kwa mambo manne. La kwanza, mtazame mtu machoni. La pili, tikisa kichwa. La tatu, rudia alichosema ajue umemwelewa. La nne kasema ndilo kubwa kuliko yote, lakini wakati huo nilikuwa nachungulia daftari la Bi Kimya. Jeupe! Hajaandika hata mstari. Kakaa tu anamsikiliza mkufunzi. Nilimwonea huruma.

Jioni nikafanya mazoezi nyumbani. Mke wangu kasema gesi imekwisha. Nikamtazama machoni, nikamwambia ninasikia kwamba gesi imekwisha. Kasema ndiyo, imekwisha. Nikatikisa kichwa. Nikasema kwa hiyo unajisikia huna gesi. Kanitazama muda mrefu. Tumekula mkate mkavu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeanza rasmi. Nimepita cherehani hadi cherehani. Kwenye namba nne Mama Pacha, mshonaji wetu wa miaka mingi, kanieleza kwamba mota inanuka kuungua tangu juzi, na ikishika kasi inatetemeka. Kumbe meneja anapita kwenye korido! Bahati iliyoje! Nikatikisa kichwa mara saba. Nikasema kwa sauti ya kufika huko nje:

"Nimekusikia, mama yangu. Mota inanuka, inatetemeka, na jambo hili linakukosesha amani."

"Amani ninayo, bosi. Nataka fundi."

Nikamshukuru kwa kunifungulia moyo. Meneja alisimama kidogo, akaendelea. Ameona!

Mchana nimetengeneza sanduku la maoni. Boksi la viatu, tundu juu, kufuli mbele; ufunguo nimempa meneja mwenyewe, ili aone sina la kuficha.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Hadi saa tatu hakuna aliyeandika kitu. Watu hawa wavivu wa kutoa maoni. Nimewasaidia. Karatasi tisa, miandiko tisa, mmoja kwa mkono wa kushoto, mmoja wenye makosa ya makusudi. "Msimamizi wetu ni zaidi ya mzazi." "Tangu aanze kutusikiliza mgongo wangu umepona." Hii ya mgongo naipenda sana.

Mama Pacha kanifuata tena na habari ya mota. Nikamwambia kuna utaratibu mpya, aandike, atumbukize sandukuni. Kanitazama vilevile kama mke wangu juzi. Ndivyo watu wanavyotazama wakiguswa.

Wakati wa chakula nimemwona Bi Kimya amekaa na Mama Pacha benchi moja. Kauliza swali, kanyamaza. Kauliza jingine, kanyamaza tena. Dakika tano hajarudia hata neno moja la mwenzake! Semina ile ilimpita kabisa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku mbaya.

Saa mbili na nusu nilikuwa juu, namkumbusha meneja kuhusu sanduku. Tukasikia kelele. Namba nne imeshika moto, na pembeni yake kuna marundo ya sponji. Nilibaki kwenye ngazi. Bi Kimya alitoka upakiaji mbio, akakata umeme kwenye swichi kuu, akachukua kizimamoto. Watu wote wakatoka salama isipokuwa Mama Pacha. Alikuwa anavuta vitambaa visishike moto. Mkono wake wa kulia umeungua, kiganja hadi kifundo.

Kakaa kando ya ndoo ya maji, mkono kautumbukiza ndani, uso umekunjamana. Roho iliniuma, kweli kabisa. Nilitaka kumwambia pole. Nilichosema ni: "Ninaona kwamba mkono umeungua."

Akauzamisha mkono zaidi majini.

Meneja akauliza kama kuna mtu aliyetoa taarifa. Mama Pacha akaelekeza kidole cha mkono mzima kwenye sanduku. Likafunguliwa hapohapo. Karatasi kumi. Tisa zina wino wa zambarau, na kalamu ya zambarau imechomoza kwenye mfuko wa shati langu. Ya kumi ilikuwa yake: "Namba nne itaungua. Nimesema jana. Nasema leo."

Bi Kimya, kumbe, jana ileile alimpigia fundi, na leo asubuhi alikuwa anakuja kuomba mashine izimwe hadi fundi afike. Alichelewa dakika chache. Kaomba radhi kwa dakika hizo. Yeye!

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mke wangu kaninunulia machungwa, kanisukuma nje, kasema niende kumwona mgonjwa na nifunge mdomo. Nimekwenda. Nimemweleza Mama Pacha jinsi tukio hili lilivyoniumiza, nilivyokosa usingizi, nilivyopungua. Saa nzima. Chai kanimiminia kwa mkono wa kushoto. Mumewe kafungua mlango mapema kabla sijaaga. Watu wakarimu sana.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kiti kapewa Bi Kimya. Kaniita ofisini. Kauliza swali moja tu: naonaje, nini kiliharibika? Kisha kanyamaza. Hakuna aliyewahi kuninyamazia vizuri namna ile! Nikaeleza dakika arobaini: fundi, wino, mkufunzi asiyeeleweka, ubovu wa ngazi.

Mwishoni naye akasema mambo yake, kwa sauti ya chini, kama dakika mbili. Sikuyapata vizuri, maana nilikuwa napanga jibu. Jibu zuri, lenye sehemu tatu. Alipomaliza nikamwambia nimemwelewa kabisa na ninakubali. Akashangaa. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa! Akanipa mkono, akaomba funguo za kitengo changu, akanisogezea jozi ya mabuti ya mpira, kama yale ya wasafisha mitaro ya kiwanda.

Getini mlinzi kaniambia si kila mwanamume angekubali jambo kama hilo.

Mke wangu kauliza nimekubali nini. Nikamwambia kiongozi hashughuliki na vitu vidogovidogo. Kauliza mabuti ya nini. Zawadi, nikamwambia. Mtu ukimweleza vizuri lazima akuelewe, na Bi Kimya nimempata.

Kesho saa kumi na mbili alfajiri natakiwa mahali fulani. Nitauliza njiani.